Kiinua Mgongo

Tuliipa boti jina la hela iliyoinunua,
mkupuo, baada ya miezi kumi na minne ya njoo kesho.
Majirani pale Mikindani walikwisha kutupangia:
vyumba vya wapangaji, bodaboda mbili, mashine ya kukoboa.
Nandonde akarudi na futi kumi na nane za mvule,
mlingoti, tanga lenye viraka,
na injini ya farasi watano, wanne wagonjwa.
Mgongo wenyewe ulimuuma wiki nzima
kwa kukwangua makome.

Asumini akapiga simu kutoka Dodoma:
"Mama, wewe hata kuogelea hujui."
Nikamwambia nimezalisha Ligula miaka thelathini na mmoja,
nusu yake kwa taa ya chemli.
Maji hayajawahi kunitisha.

Chumbani, kama ni chumba,
tunalala kama visu viwili katika ala moja.
Anayetaka kugeuka husema, "Geuka,"
na mwenziwe hugeuka.
Nyumbani kilikuwapo kitanda cha sita kwa sita
na usiku hatukusemezana
tangu mwaka ule wa mapazia mapya.

Kalenda yetu ni kadi yake ya presha:
kila Jumanne ya nne, kliniki.
Vidonge vimo kopo la majarini.
Chumvi amekatazwa,
naye amekalia chumvi yote ya dunia.

Kwenda ni raha, kusi linatusukuma:
Mgao, Sudi, Lindi.
Kurudi ndiko kubisha.
Yeye anaubisha upepo, mimi nambishia yeye.
"Mwamba ule!"
"Nimeuona."
"Hujauona."
Na kweli, hakuuona.

Sudi, bamvua lilitupwelea.
Boti ikalala ubavu topeni,
tukakaa juu ya ukuta, tukanywa chai,
kaa wakitupita na shughuli zao.
Mwanamke mwenye ndoo ya chaza akasimama.
"Sista Somoe? Huyu ndiye yule
aliyetanguliza miguu."
Akamsukuma mbele kijana mwenye ndevu,
naye kijana akatazama miguu yake.
Jioni tulikula ming'oko ya watu.

Mimi kila bandari nina mtu.
Nandonde alikuwa karani wa mizani, ghala la korosho.
Alistaafu na mizani moja ya kuning'iniza,
akaifunga mlingotini,
akawa anapima kila changu tunayemnasa,
anaandika daftarini,
kana kwamba serikali ingali inasubiri.

Mchinga alikuja mtu na mtumbwi,
fulana ya kampeni iliyofutika sura,
akashika ubavu wa boti. Hakusalimia.
"Msimu wa themanini na tisa," akasema.
"Gunia langu lilikuwa kilo themanini na mbili.
Uliandika sabini na tisa."

Mume wangu akafungua mdomo wake wa ofisini.
Naujua. Nikasubiri itoke *unyaufu*,
itoke *uzito wa gunia*, itoke *agizo la juu*.
Haikutoka hata moja.
Akafungua kamba, akashusha mizani,
akampa kwa mikono miwili.

Yule mtu akaiinua usawa wa macho.
Ndoano ilikuwa tupu,
na mshale umesimama chini ya sifuri.
"Bado inaiba," akasema,
akaiweka kati ya magoti, akapiga kafi.

Changu wa siku ile hatukumpima.
Nilimpaka ndimu, nikamla zaidi mimi.

Usiku sikusikia "geuka".
Aligeuka tu, kiwiko kikanipata mbavuni.
Nikageuka.

Siku tatu za kubisha, hatukubishana.
Afadhali tungebishana.

Jumanne, Ligula, nesi binti mdogo
alipima mara mbili, akakunja uso.
"Mia na themanini. Babu, ulikula nini huko?"
"Kilo tatu," akasema.
Binti akacheka,
akaandika kwenye kadi: *apunguze chumvi.*